Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda: tubadilike vipi na mashine imefungwa?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nilikuwa bado nasubiri majibu ya barua zangu zilizotangulia. Wiki iliyopita maafisa wako walikuja kiwandani wakaifunga mashine yetu ya kuunda plastiki kwa lakiri, nami subira ikaniishia.

Kosa letu ni vishikio vya ndoo. Kibali chetu kimeandikwa vifuniko vya chupa. Mnunuzi wa vifuniko alisitisha oda ghafla, akatokea mwingine anayetaka vishikio. Vijana wakateremsha kwa winchi kalibu ya kwanza, yaani chuma kinachoipa plastiki umbo, wakapandisha ya pili, wakaunga mipira ya maji ya kupoozea, wakasukuma plastiki tupu mpaka rangi ya zamani ikaisha. Kufika mchana vishikio vilikuwa vinadondoka sandukuni. Mashine ileile, malighafi ileile, mafundi walewale. Kibali kipya, naambiwa, ni suala la miezi.

Mheshimiwa, ni wewe uliyesimama mbele yetu wenye viwanda ukatuhimiza tuwe wepesi wa kubadilika kwa kuwa soko halitabiriki. Tulipiga makofi sana. Labda ungetudokeza siku ile kwamba wepesi wenyewe unaombewa kibali.

Februari 1997, huko Japani, moto uliteketeza kiwanda cha Aisin kilichokuwa kikiipa Toyota karibu vali zote za aina moja za breki. Toyota haikuwa na akiba ya maana, mitambo yake ikasimama. Watengenezaji wengine wa vipuri wakagawana michoro, wakageuza mashine zao. Hata kampuni ya cherehani, Brother, ikachonga vali. Katika muda wa wiki moja hivi magari yalikuwa yanatoka tena. Natamani kujua walijaza fomu ngapi.

Sidhani kuna mtu ofisini kwako anayetuchukia. Nahisi fomu ile ilitungwa zama ambazo kiwanda kilitoa kitu kimoja mpaka mwenyewe anazeeka, na hakuna aliyejisumbua kuifungua tena. (Umeme nao una yake, lakini hiyo ni barua nyingine.) Siku hizi oda zinakuja ndogondogo, zinakatwa bila taarifa, na usipoweza kugeuza mashine haraka unabaki na stoo iliyojaa bidhaa ambazo hazina mwenyewe. Mimi ninayo stoo hiyo. Mishahara ya mwezi huu nimeikopea.

Hatuombi ruzuku wala kusamehewa ukaguzi. Kwa bidhaa za dawa na chakula, kagueni hata mara mbili. Lakini kishikio cha ndoo? Kibali kitaje aina ya kazi, yaani kuunda bidhaa za plastiki, nasi tukiongeza bidhaa tuwape taarifa tu, kazi ikiendelea.

Na kabla ya hayo yote, lakiri iondolewe. Mnunuzi wa vishikio ametupa mpaka Ijumaa. Iondolewe kabla ya Ijumaa, Mheshimiwa.

Wako mtiifu, bado,
Mwenye kiwanda kidogo cha plastiki