Kabla ya kuyalaumu maharage, pimeni mtungi

Mhariri,

Gazeti hili nalisoma miaka yote na sijawahi kuliandikia, ila habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu kina mama wanaorudi kwenye mkaa kwa sababu gesi haikai imenishinda. Mwandishi wenu kazunguka mitaa, kauliza wanapika nini, kisha kamaliza kwa ushauri wa kuloweka maharage na kufunika sufuria. Mtungi ulikuwa na gesi kilo ngapi ulipoingia ndani? Hilo hakuliuliza.

Jiko la kawaida likifunguliwa mpaka mwisho hula kama gramu 200 kwa saa. Kilo 6 ni saa 30 hivi za moto mkali. Jumamosi iliyopita, kwenye duka moja la mtaani kwetu, mtungi wa kilo 6 wenye sili isiyoguswa uliwekwa kwenye mizani ukasoma 12.3. Uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma ni 7.2. Toa mwenyewe: zimebaki kilo 5.1. Gramu 900 hazipo, yaani asilimia 15, na kwa bei ya 24,000 hiyo ni 3,600 imeyeyuka pamoja na saa nne na nusu za moto. Hapo zinaiva sufuria mbili za maharage, tena yasiyolowekwa.

Kupima si kazi ya injinia. Kwenye kola ya mtungi, ile duara ya chuma inayozunguka valvu, kuna namba imegongwa au imeandikwa karibu na neno TARE au herufi T.W. Huo ndio uzito wa mtungi mtupu pamoja na valvu yake. Kama imefunikwa na rangi, kwangua kwa ufunguo. Kama haisomeki kabisa, kataa mtungi huo upewe mwingine. Usikariri namba ya mtungi wako wa mwezi uliopita, maana unabadilishiwa, na kila mtungi una namba yake. Ondoa kifuniko cha plastiki. Hakikisha mizani inasoma sifuri kabla haijabeba kitu, kwa sababu mchezo rahisi kuliko yote ni kishale kinachoanzia nusu kilo. Ukiwa na wasiwasi na mizani yenyewe, ipe kwanza chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa: isome kilo moja na nusu na ushee mdogo wa chupa. Kama ni mizani ya kuning'iniza, mtungi uelee, usiguse ukuta wala kaunta, na goti la muuzaji lisiwe chini yake. Namba uliyoona, toa namba ya kola. Jibu liwe 6, au 15, au 38, kutegemea ulicholipia. Gramu hamsini huku au kule sigombani na mtu.

Kinachoniudhi ni vipimo vya kienyeji ambavyo hata mwandishi wenu kavipitisha bila kuvihoji. Eti mtikise mtungi usikilize. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na hata uliojaa sawasawa huachiwa nafasi juu ili kipate pa kutanukia joto likipanda, kwa hiyo mtungi wowote utacheza tu, uliojaa na uliopunjwa. Eti mtazame moto. Mgandamizo unategemea joto, hautegemei kiasi. Almradi kimebaki kimiminika kidogo chini, moto utakuwa wa bluu na mrefu vilevile, mpaka siku za mwisho. Eti sili ikiwa nzima basi salama! Sili ni plastiki inayobanwa kwa joto. Mwenye kuhamisha gesi kwa mpira kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine, uani, mtungi mmoja umepinduliwa juu ya mwenzake, hawezi kukosa plastiki ya kubana. Na huyo hakuibii gramu tu. Akikurudishia valvu aliyoichokonoa, kale kampira kadogo ka ndani kanaweza kuwa kamekatika, na gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni kuelekea kwenye jiko la mkaa la jirani. Kwa hiyo baada ya mizani paka povu la sabuni kwenye valvu. Likichemka vipovu, urudi mtungi huo.

Na wala hatuombi hisani. Kanuni za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, zinamtaka muuzaji wa gesi awe na mizani na ampimie mteja. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani na kuibandika stika. Nchi ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Vizuri. Lakini ukienda dukani, mizani ipo juu ya kabati, imefunikwa na boksi la biskuti, betri hazimo.

Nikiwa hapohapo kwenye vipimo, niseme na la sado. Nyanya, viazi, dagaa, kila kitu sokoni ni sado, kopo la rangi lililogeuka sheria ya nchi. Hili kitako chake kimegongwa kikapanda ndani, lile limechomwa moto ukingo ukaingia, na viazi vikubwa vinaacha matundu kuliko vidogo. Mkulima naye kule shambani anafungiwa lumbesa, gunia lenye kilemba, analipwa la kawaida. Kwa hiyo kipimo kinavimba kwa anayelima na kinanywea kwa anayekula. Katikati pana mtu, na huyo mwandishi wenu hajawahi kumtembelea.

Dawa ninayo. Gesi nyingi siku hizi inaletwa na bodaboda, na hapo ndipo hakuna anayepima. Kila kijana wa gesi atembee na mizani ya mkononi ya kilo 50, ile yenye ndoano, haizidi ukubwa wa simu, aifunge kwa kamba kwenye usukani. Bila mizani hashushi mtungi. Nanyi gazetini, pale mnapoweka nyota za wiki, wekeni picha ya kola ya mtungi yenye mshale mwekundu kwenye namba. Nyota zangu hazijawahi kutimia hata mara moja, nafasi hiyo sitaililia.

Fundi mizani,
Temeke, Dar es Salaam