Tandale ipimwe kwa mitaro yake, si kwa jina lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo familia nyingi za Dar es Salaam hulijadili majumbani mwao bila kulileta hadharani, nalo ni kama inafaa kuhamia mtaa uliokwisha kuboreshwa lakini ambao jina lake bado linawatisha watu. Kwetu sisi mtaa huo ni Tandale. Mimi na mume wangu tumepanga Kimara kwa miaka mingi ilhali kazi zetu zote mbili ziko upande wa Mwananyamala na Kijitonyama, na kwa muda sasa tumekuwa tukitafakari kuhamia Tandale, ambako kwa kodi isiyopishana sana na tunayolipa sasa tunaweza kupata vyumba viwili na sebule, tukaenda kazini kwa miguu, na watoto wakatuona nyumbani kabla hawajalala.

Tulipolifikisha suala hili kwa wazee, hakuna aliyeuliza habari za maji, choo, shule wala mkataba. Mama mkwe wangu alisema, kwa uchungu wa kweli, kwamba hakumsomesha mwanawe ili akalee wajukuu Tandale. Shemeji yangu alitaka kujua kama tumefilisika. Hata dalali aliyetuonyesha nyumba, ambaye riziki yake inatoka humo humo, alituambia kwamba watu wengi wanaopanga hapo huwaeleza jamaa zao kuwa wanaishi Sinza. Nawaheshimu wazee wetu na najua wasiwasi wao unatokana na mapenzi, lakini naamini kwamba swali walilolishikilia si lile linalopaswa kutuamulia mahali pa kuishi.

Sitaki kudai kwamba sifa mbaya ya Tandale ilitungwa tu. Kwa miaka mingi nyumba zilijengwa zikibanana kiasi kwamba kati ya ukuta na ukuta palibaki uchochoro wa mtu mmoja kupita ubavu, vibaka wakapata pa kujificha, na gongo ikauzwa bila muuzaji kuhofia kwamba gari la polisi lingeweza kufika. Kila masika Mto Ng'ombe ulipofurika, maji yaliingia ndani, na baadhi ya wenye nyumba walisubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao, uchafu wote ukasombwa hadi kwa jirani wa chini. Mlipuko wa kipindupindu ulipoanza wilayani Kinondoni mwezi Agosti 2015, Tandale ilikuwa miongoni mwa kata zilizoguswa mapema, na wala haikumshangaza yeyote aliyewahi kuona vyoo vikitapishwa. Mwenye kumbukumbu hizo ana haki ya kusita.

Ninachopinga ni kuzifanya kumbukumbu hizo kuwa hukumu ya milele. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora ramani ya Tandale, wakaonyesha njia, vizimba vya maji, vyoo na mahali ambapo takataka zilikuwa zimerundikana, na kwa mara ya kwanza mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulionekana kama eneo tupu ukawa na sura inayoweza kujadiliwa mezani. Kisha ukaja Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, yaani DMDP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 300 mwaka 2015, na Tandale ikawa miongoni mwa maeneo ya Kinondoni yaliyopangiwa barabara za ndani, mitaro ya maji ya mvua na taa za barabarani. Mto Ng'ombe wenyewe ulichimbwa na kujengewa kingo za zege.

Mtu asiyewahi kuishi uswahilini huenda asione uzito wa barabara ya ndani. Zamani, mgonjwa aliyezidiwa usiku alibebwa mgongoni au kwenye kiti hadi barabara kubwa, na jeneza lilipitishwa kwa kuinamishwa kona baada ya kona. Leo bajaji inafika mlangoni mwa nyumba tuliyoonyeshwa. Moto ukizuka, gari la zimamoto lina pa kupita. Mama anayeuza vitumbua na maharage jirani na nyumba hiyo alinieleza kwamba kabla ya taa alikuwa akifunga biashara magharibi, na sasa anakaa hadi saa nne usiku, yeye na wenzake wa chipsi na wa uji, na kwamba tangu waanze kukaa pale kibaka hana nafasi, kwa kuwa kila anayepita anaonekana na kila anayeonekana anajulikana ni mtoto wa nani. Nilimwamini, kwani nilikaa kwenye benchi lake jioni nzima kwa makusudi, mume wangu akiwa kwingine, ili nione ni wanawake wangapi wanapita peke yao wakiwa na mikoba begani. Walikuwa wengi, na hawakuwa wakikimbia.

Kuhusu usalama sina zaidi ya hapo, isipokuwa kuwakumbusha wasomaji kwamba hofu ya panya road, yale magenge ya vijana waporaji, ya Septemba 2022 ilifika hadi Kawe, jirani kabisa na Mikocheni. Uhalifu wa jiji hili haujawahi kuheshimu mipaka tuliyouwekea kwa majina ya mitaa.

Jambo linalonipa mashaka zaidi kuliko vibaka ni mitaro. Katikati ya miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilitekeleza mpango wa viwanja na huduma ambao ulipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na wakati huo huo ukapeleka barabara na huduma nyingine Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujijengea. Mpango ulikuwa mmoja. Leo Sinza ni mtaa ambao mtu anautaja kwa kujiamini, na Manzese bado inatajwa kwa kusita. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni kwamba Manzese ilianza ikiwa imebanana, lakini nyingine ni kwamba kilichojengwa hakikupata mwenyewe: barabara zilichimbika, mitaro ikaziba, fedha za matengenezo hazikutengwa ipasavyo, na baada ya miaka kadhaa mgeni aliyepita hakuweza kujua kwamba mahali pale palikuwa pamewahi kuboreshwa. Ndiyo maana nikienda Tandale siangalii lami. Naangalia chini ya mifuniko.

Nilichokiona kinatia moyo hapa na kinasikitisha pale. Katika njia ya kwanza mtaro ulikuwa mkavu na safi, na kijana mmoja alikuwa akizoa mchanga kwa koleo bila kusimamiwa na mtu. Njia ya tatu kutoka hapo, mifuniko miwili ilikuwa imevunjwa ili kutolewa nondo, ambazo bila shaka zilikwisha kupimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu, na ndani ya mtaro mlikuwa na chupa za maji, mifuko na nepi. Mbaya zaidi, kutoka ukuta wa nyumba moja lilijitokeza bomba la plastiki la inchi nne, limeelekezwa mtaroni, na harufu ilieleza yote kuhusu linakotoka. Mtaro huo ulijengwa kwa ajili ya maji ya mvua. Ukigeuzwa kuwa njia ya vyoo, tutakuwa tumerudia kutapisha kwa njia ya kisasa, na kipindupindu hakitajali kwamba juu pana zege zuri. Mjumbe wa shina nilipomuuliza alisema mwenye nyumba huyo ameonywa mara kadhaa na kwamba suala liko serikali ya mtaa. Naiomba ofisi husika isiliache likae huko hadi masika.

Kwa hiyo, kwa mwenzangu yeyote anayepima kuhamia Tandale, Mburahati, Keko au mtaa mwingine wa namna hiyo, ushauri wangu ni kwamba asiende Jumapili mchana wakati wa kiangazi akifuatana na dalali. Aende siku ambayo mvua imenyesha usiku kucha. Atazame alama ya maji kwenye kuta za nje, kwa kuwa rangi mpya mara nyingi hupakwa kuifunika, na aguse plasta ya chini kama inamung'unyuka kwa chumvi. Amuulize jirani, si mwenye nyumba, choo hunyonywa mara ngapi kwa mwaka na gari la kunyonya linasimama wapi. Aende kwa mjumbe wa shina au mwenyekiti wa serikali ya mtaa aulize kama kiwanja kina hati au angalau leseni ya makazi, na kama nyumba hiyo ina kesi ya mirathi, kwa sababu nyumba nyingi za mitaa hii ni za urithi, na mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa ndugu mmoja anaweza kutolewa vyombo nje na ndugu mwingine. Maswali haya yana majibu, na majibu yake yanatofautiana kati ya nyumba na nyumba ndani ya mtaa mmoja, jambo ambalo jina la mtaa haliwezi kamwe kukueleza.

Lipo swali moja ambalo wapangaji wageni kama sisi hatupendi kujiuliza, nami nimeona nisilinyamazie. Vyumba tulivyoonyeshwa havikuwa vitupu tangu zamani. Mama muuza vitumbua aliniambia kwamba alikuwamo mshona viatu na familia yake, waliokaa humo tangu enzi za matope, na kwamba kodi ilipopandishwa baada ya barabara kukamilika walihamia mbali, huko Chanika. Watu walioivumilia Tandale ilipokuwa haina taa, waliozoa tope kwa mikono na kulinda watoto wa wenzao, ndio wanaoondoka inapoanza kupendeza. Mwenye nyumba ananufaika, nasi wenye mishahara tunanufaika, na mkopo uliojenga barabara ile utalipwa na Watanzania wote, akiwemo fundi viatu yule aliye Chanika.

Hali hii si lazima. Hatua chache kutoka Tandale pako Magomeni Kota, ambako kaya 644 ziliondolewa ili nyumba chakavu zibomolewe, zikasubiri kwa takriban miaka kumi, na hatimaye mwezi Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa yaliyojengwa kwa ajili yao. Kusubiri kulikuwa kurefu mno na wapo wazee waliofariki kabla ya kupata ufunguo, lakini msingi ulikuwa wa haki, kwamba aliyeishi hapo ndiye wa kwanza kurudi. Najua uboreshaji wa mitaa kama Tandale ni wa namna nyingine, kwani nyumba ni za watu binafsi na serikali haiwezi kumpangia kila mwenye nyumba kodi yake. Hata hivyo halmashauri zinaweza kusisitiza mikataba ya maandishi, muda wa kutosha wa taarifa kabla ya kodi kupandishwa, na malipo ya mwezi mmoja mmoja badala ya miezi sita kwa mkupuo, ambayo ndiyo yanayomtoa fundi viatu hata pale ambapo kodi yenyewe angeimudu.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, pamoja na wahariri wenzako, nina ombi. Mtuhumiwa akikamatwa na akawa mkazi wa Tandale au Manzese, mtaa wake huandikwa katika kichwa cha habari. Akiwa mkazi wa Masaki au Mbezi Beach, mara nyingi tunaambiwa tu kwamba ni mkazi wa Dar es Salaam. Kijana anayeomba kazi ya ulinzi au ya dukani anaulizwa anakaa wapi kabla hajaulizwa anajua nini, na dereva wa bodaboda anamwambia msichana anayetoka zamu ya usiku kwamba huko haendi. Mwanamuziki Diamond Platnumz amekulia Tandale na hafichi hilo, na jiji zima linapata mchele na maharage kupitia soko la Tandale, lakini mtoto wa hapo anaendelea kuficha anwani yake. Magazeti yana sehemu katika hilo na yanaweza kulirekebisha bila gharama yoyote.

Kuhusu sisi, tumeamua kuhamia, kwa masharti ambayo mwenye nyumba ameyakubali kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: kodi italipwa kila baada ya miezi mitatu, haitapandishwa kwa miaka miwili, na choo kitanyonywa kwa gharama yake kabla ya masika. Mume wangu amekwisha kuomba ajiunge na kikundi cha wakazi wanaosafisha mtaro wa njia yetu siku za Jumamosi. Mama mkwe bado hajaridhia, na tumemwomba aje akae nasi mwezi Aprili, mvua zikiwa zimeshika kasi, ajionee mwenyewe maji yanakwenda wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji, Kimara, Dar es Salaam