Mwanangu, utamu huo umeutoa wapi?

Mwanangu Zuhura,

Basi lako ni Jumamosi alfajiri na tafsiri unaikabidhi Jumatatu, kwa hiyo sizunguki. Kiswahili chako kimepita changu cha umri huo, na nimewasomea majirani kurasa mbili. Ila morelo umeiharibu. Mara saba umeandika "cheri nyeusi tamu". Utamu umeutoa wapi?

Morelo ni cheri chachu. Hupikwa jamu, hutiwa kwenye keki na pombe. Ukiila hivi hivi utakunja uso. Jina lake wanaisimu wanalivutania: wako wanaolirudisha kwenye Kilatini amarus, chungu, na wako wanaoshika morello ya Kiitaliano, yaani -eusi, neno ambalo Waitaliano humwitia farasi mweusi. Mimi naona yote mawili yamekutana humo. Mwandishi akimvisha mjane gauni la rangi ya morelo hakutaka weusi peke yake. Wewe kwa "tamu" umemfanya bibi arusi.

Rangi yenyewe iite damu ya mzee. Zambarau hapana, inaelekea mno kwenye buluu.

Halafu umechanganya morelo na amareli. Majina yanafanana, na zote ni chachu, lakini amareli ina ganda jekundu jepesi na maji yake karibu hayana rangi. Ya morelo ni mekundu yaliyokolea. Sentensi ikisema kitambaa cha meza kimeingia doa, hiyo ni morelo. Tazama maji ya tunda kabla hujafungua kamusi.

Griotte ya Kifaransa nayo ni chachu, ingawa jina limeficha. Ilikuwa agriotte, kutoka neno la Kiprovansi lenye maana hiyo hiyo ya ukali. Mbele ya nomino Wafaransa huweka la, ambayo hufupishwa kuwa l' ikifuatwa na irabu; watu wakasikia l'agriotte kama la griotte, a ikamezwa. Usiwacheke. Sisi tulipokea kitab ya Kiarabu, tukaifanya ki- kuwa kiambishi, tukapata vitabu.

Na ile tamthilia ya Mrusi Chekhov unayotaka kuianza, Bustani ya Cheri, nakuomba usiiguse kabla hujalielewa hili. Warusi wana vishnya, chachu, na chereshnya, tamu. Bustani ile ni ya vishnya. Mzee Firs, mtumishi wa nyumba hiyo, anakumbuka cheri zilivyokaushwa zikapelekwa Moscow na Kharkov kwa mikokoteni, zikiwa laini, tamu, zenye harufu nzuri. Tunda chachu likawa tamu kwa ufundi, na ufundi huo anasema umesahauliwa. Ukiwapa wasomaji tunda lililokuwa tamu tangu mtini, hakuna kilichopotea na mzee anabwabwaja tu.

Mara ya kwanza andika "morelo, cheri nyeusi chachu". Baadaye "morelo" inatosha.

Najua ni nani aliyekuambia kamusi ndogo itakufaa. Basi, ile kubwa iko juu ya kabati, ichukue. Kwa macho haya mimi siisomi tena. Ifunge kwenye khanga, si mfuko wa plastiki, jalada linashika unyevu.

Mtungi wa gesi umeisha, mwambie kaka yako aujaze kabla hujaondoka. Dawa ya baba yako imebaki ya siku nne. Na hizo saba zifute leo, usingoje ukiwa ndani ya basi.

Mama yako