Barua ya malalamiko: kisu cha kukunja kilichouzwa kwa jina la Sheffield

Tanga,
9 Juni 2025.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KISU CHA KUKUNJA KISICHOLINGANA NA MAELEZO YA MAUZO

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi na mkusanyaji wa visu vya kukunja vya mtindo wa kale, yaani vile visivyo na kufuli, ambavyo mabapa yake huzuiwa na springi ya mgongoni peke yake. Mwezi Aprili nilinunua katika duka lenu kisu cha mtindo wa Barlow, mmoja wa mitindo hiyo ya kale, chenye mabapa mawili, ambacho maelezo yenu ya mauzo yalikitaja kuwa kazi ya mikono ya mafundi wa Sheffield, Uingereza, chenye mabapa ya chuma cha kaboni na mpini wa mfupa wa ng'ombe. Nililipa bei inayolingana na maelezo hayo. Kisu nilichokabidhiwa hakina hata moja kati ya sifa hizo tatu. Nilipopiga simu kulalamika, ofisi yenu ilinijibu kwamba jina lililogongwa kwenye bapa ni lile lile la zamani, kwa hiyo bidhaa ni ile ile, na jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika kwa kirefu.

Naomba nianze na kisu chenyewe. Kikishikwa dhidi ya dirisha kikiwa kimefungwa, mwanga unapenya kati ya springi na kibati cha shaba kilicho ndani ya mpini, na mwanya huo unachukua zaidi ya nusu ya urefu wa springi. Bapa kubwa likifunguliwa, springi inabaki chini ya usawa wa mgongo, kiasi kwamba ukucha ukipitishwa juu yake unakwama. Likifungwa, springi hiyo hiyo inachomoza. Bapa dogo lina kasoro mbaya zaidi. Likirudi ndani, makali yake yanagonga springi, na tayari yamepata pengo karibu na ncha, kwa hiyo kila nikilipitisha kwenye kinoo na kulifunga, kazi yote inaharibika palepale.

Mpini nao nimeukagua. Niligusisha sindano ya moto mahali pasipoonekana, kando ya ribiti. Mfupa halisi hautoboki kwa sindano, nao hutoa harufu ya ukucha unaoungua, lakini mpini huu uliyeyuka na kutoa harufu ya plastiki. Michirizi inayofanana na ya mfupa uliochongwa imetoka kwenye kalibu, kwa maana ile ya upande wa kulia na ile ya upande wa kushoto inalingana alama kwa alama, jambo ambalo haliwezekani kwa mifupa miwili iliyochongwa. Kuhusu chuma, bapa hili limekata ndimu na maembe mabichi, likaachwa bila kufutwa usiku kucha, na halikubadilika rangi hata kidogo. Chuma cha kaboni kikitendewa hivyo hugeuka kijivu, na baada ya miezi ya matumizi hupata rangi ya buluu iliyokolea ambayo wakusanyaji huithamini sana, kwa sababu huonyesha kwamba kisu kimefanya kazi na kimetunzwa. Bapa lenu bado ni jeupe kama lilivyotoka kwenye boksi, maana yake ni chuma kisichoshika kutu. Na boksi lenyewe, nilipobandua lebo mliyobandika ninyi, lina jina la nchi nyingine kabisa. Kwenye shina la bapa, yaani sehemu yake ya chini inayoingia kwenye mpini, ambako alama hugongwa, hakuna nchi yoyote iliyotajwa.

Huenda mtaona kwamba haya ni mambo madogo kwa kitu kinachokaa mfukoni. Kwa kisu cha aina hii, ndiyo mambo yenyewe. Kisu kisicho na kufuli kinategemea jinsi shina la bapa linavyokaa juu ya springi: bapa linapofunguliwa, shina linaisukuma springi ijipinde, kisha sehemu ya shina iliyo tambarare inapofika mahali pake springi inarudi kwa nguvu na kulishikilia. Springi ikiwa laini kupita kiasi, bapa linaweza kukunjika juu ya vidole vya mtumiaji. Ikiwa ngumu kupita kiasi, siku moja itakatika. Ndiyo maana fundi wa kale alitia moto na kupoza bapa na springi kwa namna mbili tofauti, kisha akaviunganisha kwa muda, akavipima, akavifungua, akapiga tupa kidogo, akavirudisha, mpaka springi iwe sawa na mgongo bapa likiwa wazi, likiwa nusu na likiwa limefungwa. Kisu kilichopita mikononi mwa fundi huyo hujulikana kwa mlio wake kinapofungwa, mlio mkavu na mmoja. Chenu kinafunga kimyakimya na kwa kusuasua.

Jina la Sheffield lilipata thamani yake kwa kazi ya namna hiyo. Chama cha watengenezaji visu wa Hallamshire, yaani Sheffield na eneo linaloizunguka, kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na sheria hiyo iliwaagiza wanachama wagonge kwenye kazi zao alama waliyopewa na chama, wala si nyingine. Alama kwenye bapa ilikuwa dhamana: mnunuzi aliyeko mbali aliweza kumjua aliyewajibika kwa kisu alichokishika. Wengi wa waliozifanya kazi hizo walikuwa mafundi wadogo waliojitegemea, wakikodi chumba na gurudumu la kunolea, mmoja akifua, mwingine akinoa, mwingine akiunganisha. Stan Shaw, aliyefariki mwaka 2021, alihesabiwa kuwa wa mwisho miongoni mwa mafundi wa aina hiyo waliotengeneza visu vya kukunja kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mikono yao wenyewe. Wapo wachache Sheffield wanaoendelea na kazi ya visu hadi leo, na watu hao ndio mnaowadhulumu mnapotumia jina la mji wao kuuza kazi ambayo hawakuigusa.

Hata sisi wa pwani hii tuna sehemu yetu katika historia hiyo, nayo ni sehemu chungu. Pembe za ndovu zilizokusanywa bara na kusafirishwa kupitia Zanzibar katika karne ya 19 ziliishia, pamoja na mahali pengine, kwenye funguo za piano za Connecticut na kwenye mipini ya visu vya Sheffield. Sikusanyi visu vya pembe, na nilifurahi nchi zilipokubaliana mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Nalitaja hili ili mjue kwamba siyasifu yote ya zamani. Wanoaji wa Sheffield walikufa wangali vijana kwa vumbi la mawe lililoharibu mapafu yao, na mtu yeyote mwenye utu hawezi kutaka karakana zile zirudi kama zilivyokuwa.

Kwa hiyo malalamiko yangu hayapingi mashine. Viwanda vya Marekani ndivyo vilivyoongoza katika kukata mabapa kwa mashinikizo badala ya kuyafua moja moja, na visu vilivyotoka kwenye viwanda hivyo ni miongoni mwa vile ninavyovipenda zaidi. Leo mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata shina la bapa kwa usahihi ambao mkono haukuweza kuufikia kila mara. Chuma kisichoshika kutu, ambacho mtaalamu wa metali Harry Brearley alikibaini huko huko Sheffield mwaka 1913, kinamfaa sana mvuvi wa hapa kwetu, ambaye kisu cha kaboni kingemshikia kutu kabla hajafika ufukweni. Mpini wa plastiki haupasuki wala haunywi maji. Wala sina ugomvi na nchi iliyoandikwa kwenye boksi lenu, kwani zipo karakana nje ya Ulaya na Marekani zinazotoa visu vya kukunja vyenye springi zisizo na mwanya, na ninavyo nyumbani. Ninacholalamikia ni kwamba mabadiliko yote haya yamefichwa nyuma ya jina, na bei ya kazi ya mkono ikabaki.

Tunajua jinsi majina ya visu yanavyohama. Kiwanda cha visu cha Imperial Schrade huko Ellenville, jimbo la New York, Marekani, kilifungwa mwaka 2004, jina lake likanunuliwa na utengenezaji ukahamia China. Camillus, kampuni nyingine ya visu ya Marekani, nayo ilifunga milango mwaka 2007. Mkusanyaji yeyote anayafahamu hayo na hupanga visu vyake kwa kufuata miaka hiyo, kwa sababu kisu cha kabla na kisu cha baada, ingawa vina jina moja, ni kazi mbili. Kuuza jina si kosa. Kosa ni kumwambia mnunuzi kwamba jina na kazi havijatengana ilhali vimetengana.

Wapo waliolichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili. Kampuni ya W.R. Case & Sons ya Bradford, Pennsylvania, ilianza mwaka 1970 kugonga nukta kwenye shina la bapa, nukta 10 mwaka huo, ikipunguza moja kila mwaka, hivi kwamba hata leo mtu aliyeko Tanga anaweza kukitazama kisu cha wakati huo na kuutaja mwaka wake bila kumuuliza mtu. Ujerumani ina kanuni ya mwaka 1994 inayoruhusu jina la Solingen, mji wake mashuhuri kwa visu, kuwekwa tu kwenye bidhaa ambazo hatua zake zote muhimu za utengenezaji zimefanyika katika eneo hilo. Na huko Titusville, Pennsylvania, Great Eastern Cutlery ilianzishwa mwaka 2006, wakati viwanda vya zamani vilikuwa vikifa, ikajikita katika chuma cha kaboni na mitindo ya kale, na wanunuzi wakaifuata. Soko la kazi ya kweli lipo, na wanunuzi wake wako tayari kulipa wakiambiwa ukweli.

Liko jambo moja la kihistoria ambalo lingepaswa kuwafikirisha zaidi ninyi mnaoagiza bidhaa kutoka nje. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 iliwaumiza sana mafundi wa Sheffield kwa viwango vyake, lakini pia ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo zitajwe nchi zilikotoka. Tangu hapo neno "England" kwenye shina la bapa ni msaada mkubwa kwa mtu anayetafuta umri wa kisu cha Sheffield kilichouzwa Marekani. Zaidi ya miaka 130 baadaye, mnaniuzia kisu kisicho na jina la nchi, kikiwa ndani ya boksi ambalo jina la nchi limefunikwa kwa lebo. Madhara yake hayaishii kwangu. Baada ya miaka 20 boksi litakuwa limepotea, kisu kitabaki na jina lake la kale bila nchi, na kijana anayeanza kukusanya atauziwa kama kitu cha karne iliyopita.

Kwa hayo yote, naomba mnirudishie fedha zangu zote, pamoja na gharama ya kukirudisha kisu Dar es Salaam, nami nitakituma kikiwa ndani ya boksi lake na lebo niliyoibandua. Sihitaji kubadilishiwa kwa kisu kingine cha shehena hiyo hiyo, kwa kuwa vile viwili nilivyovishika dukani kabla ya kuchagua hiki vilikuwa na mipini yenye michirizi ile ile. Naomba vilevile maelezo ya mauzo yarekebishwe kwa visu vyote vilivyobaki, yataje nchi iliyovitengeneza, aina ya chuma na kitu halisi kilichotumika kwenye mpini, na lebo zinazofunika maandishi ya boksi ziondolewe. Ikiwa mtengenezaji aliwapa ninyi maelezo ya uongo, niandikieni hivyo kwa barua, nami nitaelekeza malalamiko yangu kwake.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayouziwa. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii, nitaiwasilisha kwa Tume ya Ushindani pamoja na viambatisho vyake, ambavyo ni nakala ya risiti, nakala ya maelezo yenu ya mauzo, picha za springi katika hali zake tatu, picha ya mpini mahali nilipogusisha sindano, na picha ya boksi kabla na baada ya lebo kubanduliwa.

Natanguliza shukrani kwa hatua mtakazochukua.

Wenu mwaminifu,

Mteja na mkusanyaji wa visu vya kukunja,
Tanga.