Wifi, mshenga wa siku hizi anakaa kwenye simu

Wifi yangu,

Kaka yangu amekuacha wewe, mie hajaniachanisha nawe. Kwa hiyo bado ni wifi yangu, na swali lako la juzi usiku nalijibu hapa hadharani kwa sababu wanawake wengine watatu wa rika letu, mmoja wa hapa hapa Chumbageni, Tanga, wameniuliza hilo hilo kwa kunong'ona. Eda imekwisha, watoto wameshajitegemea, sasa ile programu ya kutafutia mwenza, mtu wa miaka 58 aingie ipi?

Wanasema mapenzi yalizaliwa Tanga. Labda. Mie nimekaa ujane miaka minne na aliyenibishia hodi ni fundi bomba.

Zamani kazi hii tulimwachia mshenga. Alijua kwenu na kwao, na akiongopa alijua atakutana na mama yako sokoni Mgandini. Programu nayo ni mshenga, ila huyu hana mama wa kumwonea haya, na siku utakayopata mume yeye kapoteza mteja. Mchague ukilijua hilo. Mwezi wa kwanza usilipie kitu, hata akikwambia kuna wanaume kumi na saba wamekupenda na sura zao zimefunikwa ukungu.

Tinder ndiyo inayotajwa sana. Ilianza 2012, unasukuma picha kulia ukimpenda, kushoto ukimkataa. Umbali wa mwisho unaoweza kuuweka ni kilomita 160, na hapo ndipo palinichekesha: ukiwa umekaa barazani kwako Makorora, duara hilo linavuka maji, linaibeba Pemba yote na Unguja mjini, linapanda mpaka Mombasa, halafu Dar es Salaam linaiacha nje. Usishangae kuletewa mtu wa Wete, kule Pemba, kabla ya mtu wa Korogwe. Jingine, huduma yao ya kulipia ilipoanza 2015 waliwatoza waliofika miaka 30 zaidi ya vijana, mpaka mahakama ya rufaa ya California ikasema mwaka 2018 kwamba bei ya namna hiyo ni ubaguzi. Uzee nao una bei, wifi.

Bumble ya 2014 iliweka sharti kwamba mwanamke ndiye aanze kuandika. Tangu 2024 unaweza pia kuacha swali lako pale, mwanamume akaanza kwa kulijibu. Najua masomo wetu walitufunda vingine, mwanamke haanzi. Lakini nakwambia, kuanza wewe kunapunguza zile "mambo mrembo" za saa nane za usiku.

Kwako wewe, unayetaka ndoa na si stori, ningeanza na Muzz, ya Waislamu, iliyozaliwa Uingereza. Picha unaweza kuificha mpaka umkubali mtu, na unaweza kumweka walii, yaani msimamizi wako wa ndoa, akawa anapelekewa nakala ya mazungumzo yenu. (Usimweke kaka yangu.) Wa Tanga hutawaona wengi, kwa hiyo jiandae kwa watu wa mbali. Na swali la kwanza, kabla ya jina la ukoo, liwe: una mke nyumbani?

Popote utakapoingia, weka mipaka ya umri siku hiyo hiyo. Mie sikuweka. Kijana mmoja akaipenda picha yangu, nami kwa ujinga nikabonyeza kumkubali. Kidogo nikaona anaandika, anafuta, anaandika. Ikaja: "Shikamoo, mwalimu." Nilimfundisha darasa la tano. Nikajibu marahaba, nikazima simu, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Hayo ni ya kucheka. Lile la mhandisi sijamsimulia mtu. Alikuwa mjane, kazi yake kwenye meli ya mafuta, binti mmoja anasoma Ulaya. Wiki tatu salamu yake ilinifikia kabla ya adhana ya alfajiri. Simu ya video hakuwahi kupokea, kamera ya meli mbovu. Kisha akanitumia zawadi, zawadi ikakwama forodhani, inataka shilingi 380,000 za kuikomboa. Ile "tuma kwenye namba hii" tunayoitania kila siku! Na mie, mwalimu mstaafu, nilishafungua menyu na kuandika kiasi. Kabla sijaweka namba ya siri likatokea jina la mpokeaji. La kike. Nilikaa nalitazama jina lile mpaka menyu ikajifunga yenyewe.

Kwa hiyo wiki ya kwanza haiishi bila simu ya video. Picha yake ipitishe kwenye Google Lens uone kama haijawahi kuwa ya mtu mwingine. WhatsApp usikimbilie kumpa, maana namba yako ikishatoka hairudi, na kule kwenye programu angalau unaweza kumripoti. Na pesa, hata ya vocha, hapana. Mkifika kuonana, iwe saa kumi jioni pale bustani ya ufukweni, watu wanapunga upepo na mie nimekaa benchi la tatu na dafu langu kama sikujui.

Jumamosi njoo kwangu tupige picha mpya, barazani, jua likiwa chini. Ile uliyonitumia umependeza kweli, lile gauni la harusi ya binti yako. Ila umeikata vibaya, wifi. Mkono wa kaka yangu bado uko begani kwako.