Una gari ya foo wili yenye nguvu hapa Calgary, Kanada? Soma hii kabla hujanunua tairi za winta

Kila mwaka mwezi wa tisa ukianza kuisha simu zinaanza kuingia hapa gereji kwetu tunapofunga tairi, na nyingi ni za watu wenye gari kali kali: Audi S4, Golf R, Subaru WRX STI, BMW M340i, Tesla zile za mota mbili. Na swali huwa ni lile lile, "Kaka, hii gari ni foo wili na ina nguvu ya kutosha, si ol-sizoni, zile tairi za misimu yote, zinanitosha tu?" Hapana, hazitoshi, na kadiri gari ilivyo na nguvu ndivyo zinavyozidi kutotosha. Tumeona bora tuandike hapa tueleze kwa utulivu, maana foleni ikishafika mlangoni hakuna fundi mwenye muda wa kueleza chochote.

Foo wili kazi yake ni moja, kugawa nguvu ya injini kwa magurudumu yote manne. Basi. Ndo maana inaondoka vizuri kwenye theluji wakati jirani yako anachimba shimo palepale alipopaki. Ila ukikanyaga breki injini haihusiki tena, na gari zote hata kale ka-Corolla ka mtaani kana breki kwenye magurudumu manne, kwa hiyo kwenye kusimama hujamzidi mtu kitu. Kwenye kona pia hujamzidi, kona ni tairi na barabara, wao wawili ndo wanamalizana.

Halafu kuna hili ambalo watu hawaliongelei sana: foo wili inakuficha utelezi. Mwenye gari ya kusukuma kwa nyuma taa zikiwaka kijani anakanyaga mafuta kidogo tu tairi zinazunguka bure, mkia unacheza, palepale anajua leo pabaya na anapunguza. Wewe mwenye hosipawa 380 na kompyuta inayogawa nguvu kila sekunde, unaondoka umenyooka kama mwezi wa saba wa kiangazi, unafika 70 hujasikia kitu, na habari za barafu unazipata ukishaanza kushika breki huku mbele kuna taa nyekundu na basi la wanafunzi. Na ukumbuke spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne, si mara mbili. Hiyo ni fizikia ya fomu two, haijali umenunua gari kwa bei gani.

Sasa twende kwenye tairi yenyewe. Tairi ya sama, yaani ya kiangazi, hasa zile za spoti zinazokuja na hizi gari, mpira wake umechanganywa kwa ajili ya joto. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kukakamaa, na ikishuka sana unakuwa kama kandambili iliyosahaulika nje usiku kucha, mgumu, unagonga lami badala ya kuishika. Michelin wenyewe wanaonya tairi zao za spoti za sama zisisogezwe kabisa kwenye baridi ya chini ya -7, maana mpira unaweza kupasuka nyufa. Yaani hata kuitoa gari gereji kwenda dukani kununua maziwa ni kosa, sio swala la utelezi tu. Kuna watu wanatuletea tairi za bei mbaya zina nyufa kwenye kashata, yale mabonge ya mpira yanayokanyaga barabara, wanauliza kama kuna waranti, na majibu huwa hawayapendi.

Ol-sizoni ni nafuu kidogo ila imetengenezwa imridhishe kila mtu, kwa hiyo kwenye -25 ya mwezi wa kwanza inakuwa imekata tamaa. Tairi ya winta mpira wake unabaki laini kwenye baridi, kashata zake ni ndefu, nyingi zinatoka kiwandani na milimita 8 au 9, na juu ya kila kashata kuna mikato myembamba mingi sana inayofunguka tairi ikikanyaga, inauma theluji na kuondoa ule unyevu mwembamba unaokaa juu ya barafu.

Ukiangalia ubavuni utaona alama. M+S peke yake isikudanganye, hiyo inaongelea umbo la kashata tu. Tafuta picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hiyo maana yake tairi imepimwa kweli. Ila hata hiyo usiiabudu, kipimo chake kinaangalia tairi inavyovuta gari kwenye theluji iliyoshindiliwa, hakipimi kusimama kwenye barafu. Ndo maana kuna ol-sizoni nyingine zina hiyo alama na bado kwenye kona yenye barafu zinakuacha unaomba dua.

Sasa hapa ndo penye ubishi na wateja wetu wa gari za nguvu. Tairi za winta zisizo na misumari ya chuma kwenye kashata ziko za aina mbili kubwa. Kuna za spoti, mfano Michelin Pilot Alpin 5 au Pirelli Winter Sottozero, zimetengenezwa zaidi kwa winta ya Ulaya ya kati kule Ujerumani na Austria, theluji inaondolewa barabarani mapema, lami iko wazi imelowa, watu wanakimbia sana. Usukani unabaki mkali, gari inaitika vizuri, na zinapatikana na alama za spidi za juu. Halafu kuna za barafu, za kaskazini, kama Michelin X-Ice Snow, Bridgestone Blizzak WS90, Continental VikingContact 7, Nokian Hakkapeliitta R5. Hizo mpira wake ni laini zaidi, usukani unakuwa mzito kuitika kidogo, ukikata kona kwa nguvu unasikia gari inayumba juu ya kashata. (Nokian ni Wafini, ndo waliotoa tairi ya kwanza ya winta duniani mwaka 1934, ilikuwa ya malori, na hilo jina Hakkapeliitta linatumika tangu 1936. Hawa watu theluji wanaijua.)

Mwenye gari ya nguvu akiingia tu anataka za spoti. Anasema gari yake inaenda 250, hawezi kuweka tairi yenye alama ya T ambayo mwisho wake ni 190, au H ambayo ni 210. Tunamuuliza kwa heshima, kaka, 190 unaenda wapi? Barabara kuu zetu Alberta nyingi mwisho 110, na tunaongelea mwezi wa kwanza.

Ushauri wetu kwa Calgary na Edmonton ni huu: chukua za barafu, hata kama gari yako ina hosipawa 500. Sababu ni hali ya hewa yenyewe. Calgary tuna Chinook, ule upepo wa joto unaoshuka kutoka milimani, asubuhi ilikuwa -20 mchana inapanda juu ya sifuri, theluji yote inakuwa maji, usiku inaganda tena, na asubuhi saa kumi na mbili ukienda kazini kila makutano yamekuwa kioo. Na barafu iliyo karibu na sifuri ndo inayoteleza kuliko zote, kwa sababu juu yake kuna maji kidogo, ile ya -30 ni kavu na kwa kweli inashika afadhali. Watu wengi wanadhani ni kinyume. Kwa hiyo siku unayojisikia raha umefungua zipu ya koti ndo siku ya kuwa makini. Edmonton Chinook haiwafikii sana ila barafu yao inakaa muda mrefu, mitaa ya ndani inasuguliwa na magari wiki nzima mpaka inang'aa.

Za spoti tunamwekea nani? Mtu ambaye gari anaitoa barabara ikiwa safi tu na ana gari nyingine ya siku mbaya. Huyo sawa, ataifurahia. Ila kama ndo gari yako pekee, unapeleka watoto shule, unaingia shifti ya usiku kiwandani au hospitali, achana nazo.

Na misumari? Alberta inaruhusiwa. Kwenye barafu ya maji maji hakuna kinachoifikia. Ina kelele kwenye lami kavu, na kwenye lami kavu kusimama kwake si kuzuri sana, na Calgary lami kavu tunayo nyingi. Kwa anayekaa shamba nje ya mji au anayefanya kazi kambi za kaskazini tunamshauri aifikirie. Wa mjini hapana.

Sasa saizi, na hapa gari za nguvu zina mambo yake. Nyingi zinakuja na rimu 19 au 20 na tairi nyembamba ya ubavu, nzuri kwenye picha, ila winta ikiisha barabara zetu zina mashimo ya kumeza ndoo na hiyo rimu inapinda kirahisi. Ukishuka inchi moja unapata ubavu mnene, tairi inakuwa na bei nafuu, na aina za kuchagua zinaongezeka. Mfano STI ya 2018 kwenda juu ilikuja na 245/35R19 (upana kwa milimita, ubavu kwa asilimia ya huo upana, na rimu kwa inchi), ukiweka 245/40R18 kipenyo kinabaki karibu sawasawa, tofauti kama milimita moja, hata spidomita haijui. Lakini breki za mbele za hiyo gari ni Brembo kubwa za pistoni sita, na si kila rimu ya 18 inazipita, kwa hiyo lazima tujaribishe rimu kwenye gari kabla hatujafunga tairi. Ukinunua rimu za mtu mtandaoni kwa kuangalia matundu ya nati tu, unaweza kujikuta nazo ni mapambo ya gereji.

M340i yenyewe inakuja na tairi tofauti mbele na nyuma, 225/40R19 na 255/35R19. Winta tunapendelea 225/45R18 zote nne, tairi nyembamba inapasua theluji badala ya kuelea juu yake, na zikiwa sawa unaweza kuzizungusha mbele na nyuma zilike kwa usawa.

Hilo la kuwa sawa tunaomba lieleweke vizuri maana ndo linalokula pesa za watu. Foo wili haitaki tairi zinazotofautiana ukubwa. Subaru wao wanataka mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6 tu. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizolika, moja inazunguka haraka kuliko nyingine muda wote, difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, au klachi zake zinafanya kazi hata ukiwa unaenda moja kwa moja, zinachemka, na siku zikifa bili yake ungeweza kununua seti nzima ya tairi na chenji ikabaki. Kwa hiyo nne kwa pamoja, aina moja. Na usituombe tukufungie mbili za winta mbele halafu nyuma zibaki ol-sizoni, hiyo gari itakugeuka kwenye kona, hatufungi hata ukikasirika.

Wenye Tesla na gari zingine za umeme angalieni namba ya uzito, ile inayokaa kabla ya herufi ya spidi. 91 inabeba kilo 615 kwa tairi, 98 inabeba 750. Gari za umeme ni nzito, nyingi zinataka tairi ya XL, yaani iliyoimarishwa kubeba uzito zaidi, usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Na ukiachia mafuta kwenye barafu gari inajishika breki yenyewe kurudisha chaji, kwenye utelezi hiyo inaweza kukuchota, kwa hiyo kama gari yako ina mpangilio wa kuipunguza ipunguze, na nguvu ya kuondokea weka ile ya upole.

Anayetaka tairi za yuzdi, sawa, si dhambi. Soma tarakimu nne za mwisho za ule msimbo unaoanza na DOT ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 3821 ni wiki ya 38 ya 2021. Tairi ya winta ikishuka chini ya milimita 4 kwenye theluji inakuwa jina tu. Na ukiwa na safari ya Kelowna au Vancouver kupitia milimani, kule British Columbia kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30 barabara za milimani zenye kibao lazima tairi ziwe na M+S au ile alama ya mlima na kashata zisipungue milimita 3.5, ukikamatwa unaweza kugeuzwa na faini juu. Alberta hakuna sheria hiyo, ndo maana watu wanalala.

Mwisho upepo wa tairi. Unashuka karibu psi 1 (kipimo cha upepo) kila nyuzi 5 au 6 za baridi zikiongezeka, kwa hiyo taa ya tairi ikiwaka asubuhi ya kwanza ya baridi usitukane sensa, ongeza upepo tairi ikiwa ya baridi. Ukishafungiwa rimu zako za winta tembea kama kilomita 100 halafu pitia tukukazie nati tena, ni bure na hupangi foleni. Wanaotaka kuweka nafasi wasisubiri theluji ya kwanza, tutumieni picha mbili, ubavu wa tairi uliyonayo na stika ya mlango wa dereva, Kiswahili cha Bara, cha Mombasa au cha Lubumbashi vyote tunajibu, na tutakwambia saizi gani ipo stoo na ipi ni ya kuagiza.