Mliposifia maduka ya bangi Denver, mlisahau uraia wetu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa kijana Tanga, na hapa Aurora, Colorado, nalifungua kwenye simu kila alfajiri kabla sijaenda kubeba boksi. Miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya Jumamosi, ile yenye picha ya kijana anayetabasamu mbele ya makopo ya vioo, iliyowahimiza Watanzania wa ughaibuni wachangishane mtaji wafungue duka la bangi lenye leseni Denver, imenishinda kuinyamazia. Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno "uhamiaji". Halimo.

Sisemi mwandishi wenu kadanganya. Wapigakura wa Colorado waliruhusu bangi Novemba 2012, maduka yakaanza kuwauzia watu wazima tarehe 1 Januari 2014, na mwenye umri wa miaka 21 anaingia na kitambulisho chake ananunua. Mauzo ya 2021 yalipita dola bilioni 2, ni kweli, ingawa kufikia 2023 yalikuwa yameshuka hadi kama bilioni 1.5, jambo ambalo hakuliandika. Lakini leseni hiyo anayoisifia ni ya jimbo. Katika sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya mwaka 1970 bangi imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na viza, kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) na uraia havitoki kwa gavana wa Colorado.

Mimi niliuza bangi, Mhariri. Kwa miezi 14, kati ya 2017 na 2018, nilisimama nyuma ya kaunta ya duka moja lenye leseni, nikipima kwa mizani na kuhakikisha hakuna anayetoka na zaidi ya gramu 28 kwa siku. Nilipigwa alama za vidole, nikapewa beji ya jimbo yenye picha yangu, nikaivaa shingoni kwa fahari kama mtumishi wa serikali. Kodi nililipa hadi senti ya mwisho. Nilipoomba uraia nikaitwa kwenye usaili mwishoni mwa 2019, nikavaa suti niliyofungia ndoa, nikabeba faili lenye karatasi zangu zote. Afisa, mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa mkufu, alipitia fomu zangu za mshahara polepole, kisha akaweka kidole juu ya jina la lile duka. Akaniuliza wanauza nini. Nikamwambia bangi. Na wewe uliuza? Niliuza, mama, kihalali kabisa, na nikaitoa beji mfukoni nikaiweka mezani nikidhani ndiyo itakayonitetea. Akaiangalia, akaandika muda mrefu bila kuinua kichwa. Barua ilikuja baada ya miezi miwili: maombi yamekataliwa, mwombaji hakuthibitisha mwenendo mwema.

Mwongozo wenyewe wa idara ya uhamiaji ya Marekani ulikuwa umetoka tarehe 19 Aprili mwaka huohuo wa 2019, unasema wazi kwamba kazi ya bangi inaweza kumzuia mtu uraia hata kama jimbo limeiruhusu. Halikuwa jambo la siri. Aliyekuwa Meya wa Denver, Michael Hancock, alimwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani mwezi huohuo kuhusu wahamiaji wawili, mmoja wa kutoka Lithuania na mwingine El Salvador, waliokwamishwa kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Yote haya yalikuwa magazetini huku. Mwandishi wenu angeuliza swali moja tu kwa wakili wa uhamiaji angeambiwa.

Mwaka 2022 mama yangu alifariki. Wakili niliyemwendea usiku uleule aliniambia nikitoka Marekani hana uhakika kwamba nitaruhusiwa kurudi, kwa kuwa pale uwanja wa ndege nitaulizwa upya kuhusu ile kazi ya bangi na mtu mwingine, na nina mke na watoto watatu wanaonitegemea. Mama alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri, na mimi nilimzika kwa simu. Mpwa wangu alishika simu juu ya kaburi, mkono ukimtetemeka, picha ikikatika kila mara, na kitu kilichonifikia bila kukatika ni sauti ya udongo ukirudishwa kwa majembe. Huku ilikuwa bado usiku. Nilikaa kwenye gari ili watoto wasinisikie. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee, nilipaswa kushuka kaburini kumpokea, na aliyeshuka ni jirani. Halafu Jumamosi nafungua gazeti la nyumbani nakuta mnawaambia vijana wakimbilie palepale nilipoangukia, na aya nzima mmeitumia kueleza rangi za kuta za duka!

Tena mnasema hata aliyeko Dar es Salaam anaweza kutuma fedha akawa mwanahisa. Je, mnajua kwamba afisa wa ubalozi hahitaji hukumu ya mahakama? Sheria inamtaka awe tu na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo anajihusisha na biashara ya dawa zinazodhibitiwa au anaisaidia, mlango unafungwa. Na haufungwi kwake peke yake. Mke na watoto walionufaika na fedha hizo ndani ya miaka 5, hali wanajua zinakotoka, nao wamo. Wapo wanaotuliza watu kwa kusema mwaka 2024 serikali ilipendekeza bangi ishushwe hadi daraja la tatu la orodha ya dawa hizo, lenye masharti mepesi zaidi. Sheria ya uhamiaji haichagui daraja. Dawa inayodhibitiwa ni dawa inayodhibitiwa.

Hata hesabu za faida mlizochora si hesabu za duka nililofanyia kazi. Kuna kifungu cha kodi, 280E, cha mwaka 1982, kinachomkatalia muuza bangi kupunguza gharama za pango na mishahara kwenye mapato yake kabla ya kutozwa kodi. Anaruhusiwa kupunguza bei ya mzigo tu. Ukiuza kwa dola 100 mzigo ulioununua kwa 60, ukalipa 35 za pango na wafanyakazi, mkononi zimebaki 5, lakini kampuni yako inatozwa asilimia 21 ya dola 40, yaani 8.40. Tajiri wangu, Mmarekani mzaliwa, alipeleka kodi yake kwa noti taslimu ndani ya mabegi kwa sababu benki ilikuwa imemfungia akaunti. Nilimwona akihesabu mpaka saa 8 za usiku, mlinzi mwenye bunduki kasimama mlangoni.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili. Toleo hilohilo, kurasa chache mbele, mmeandika habari za mashamba ya bangi yaliyochomwa Arumeru, na mkulima mmemwita mhalifu. Sitetei bangi ya Arumeru; sheria yetu ya 2015 inaikataza na nilikuwa nyumbani wakati jirani yetu mmoja anaharibikiwa nayo. Ila msomaji wenu kijana anajifunza nini akiona mmea uleule ni uhalifu ukiwa Kisimiri, hukohuko Arumeru, na ni "fursa ya dhahabu" ukiwa Denver? Anajifunza kwamba Marekani kila kitu ni salama. Ndivyo tulivyofika huku wengi wetu, tukiamini hivyo.

Ninachoomba ni hiki. Jumamosi ijayo, ukurasa uleule wa makala ile, wekeni kisanduku chenye upana wa vidole vinne, kwa herufi nene, kiseme: kama huna uraia wa Marekani, usifanye kazi, usiwekeze wala usisaini chochote kwenye duka la bangi kabla hujazungumza na wakili wa uhamiaji, awe wakili kweli, si mshauri wa kwenye kundi la WhatsApp anayetoza dola 200 kwa semina. Kirudieni Jumamosi nne mfululizo. Kama nafasi ni ghali, niambieni bei nitailipia, mshahara wa kubeba boksi unatosha.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Aurora, Colorado